Mashine ya kudeki: ijue sakafu yako kabla ya kuuliza bei

Sisi tuliokulia kwenye sakafu ya sementi tuna namna yetu ya kupiga deki. Unatoa viti nje, unamwaga maji ya sabuni, unasugua kwa ufagio wa chelewa, kisha unayasukuma maji mpaka yatokee mlangoni. Nyumba inapoa na kunukia. Nilihamia Minnesota, Marekani, na mazoea hayo, na kwenye nyumba yangu ya kwanza nikadeki hivyo hivyo juu ya sakafu ya lamineti. Baada ya miezi michache kingo za vipande zilikuwa zimevimba kuanzia jikoni hadi mlango wa chumbani, na mwenye nyumba akakata gharama kwenye amana yangu. Sakafu za huku hazina pa kutolea maji. Ndiyo maana ndugu akiniuliza anunue mashine gani ya kufyonza na kudeki kwa pamoja, mimi humuuliza kwanza anakanyaga nini.

Lamineti ni unga wa mbao uliogandamizwa, na juu yake imebandikwa picha ya mbao. Maji yakikaa yakapenya kwenye viungio, unga ule unavimba na haurudi ulivyokuwa. Vinaili ni plastiki, nayo inavumilia unyevu zaidi, ingawa maji mengi yanaweza kupita kwenye viungio na kunasa chini yake. Vigae havina taabu. Uchafu wake unajificha kwenye mistari ya katikati. Mbao halisi hutegemea kama imepakwa vanishi inayozuia maji. Dondosha matone machache mahali pasipoonekana, usubiri dakika kumi. Yakibaki juu kama lulu, vanishi bado ni nzima. Mbao ikiyanywa na kuwa nyeusi, usiipelekee mashine yoyote ya maji. Ukipanga, muulize mwenye nyumba ni sakafu ya aina gani na inaruhusiwa kusafishwa vipi, na majibu yake yawe ya maandishi.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi watu waachane na mashine za mvuke kwenye lamineti na vinaili. Tangazo linavutia, lakini mvuke wa moto unasukuma unyevu kwenye viungio na kulegeza gundi.

Sasa mashine zenyewe. Zipo za bei nafuu ambazo hufyonza makombo, zinapuliza maji mbele, na kufuta kwa kitambaa kilichobandikwa chini. Nyingine, kama Shark VacMop, kitambaa chake hutupwa pamoja na uchafu. Ni nyepesi, zinamfaa anayeishi peke yake kwenye chumba na jiko, ila gharama ya vitambaa haiishi, na kitambaa kikishachafuka unausambaza uchafu ule ule.

Kundi la pili ndilo ninalolipendelea kwa nyumba yenye watoto: mashine zenye rola inayozunguka na matangi mawili, kama Bissell CrossWave au Tineco Floor One. Tangi moja lina maji safi yanayolowesha rola. Jingine linapokea maji machafu yanayofyonzwa hapo hapo. Mtoto akimwaga uji, unapita mara moja na sakafu inabaki na unyevu mdogo tu. Wakati wa theluji ndipo utaipenda zaidi, maana viatu huleta ndani chumvi ya barabarani, ikikauka inaacha madoa meupe, na punje zake zinakwaruza sakafu. Nchini Marekani andaa kati ya dola 150 na 500, au zaidi kwa zile za juu.

Usiziamini picha za dukani. Ishike kwanza, na ukumbuke kwamba ikijazwa maji inazidi kuwa nzito. Ilaze uone kama inaingia chini ya kitanda. Tazama rola inafika umbali gani kutoka ukutani. Kama ni ya betri, uliza kama betri inatoka na kama inauzwa peke yake, kwa sababu mara nyingi betri ndiyo inayochoka kabla ya mota. Yenye waya haikuishii njiani, na kwa nyumba ndogo mimi naiona ni fedha iliyotumika vizuri.

Nywele ni suala letu hasa. Nyumba inayosukwa rasta kila mwezi itaijaza rola nyuzi za nywele bandia mpaka ikwame. Zikusanye kwa ufagio kabla ya kuwasha mashine, na rola iwe ya kuchomoka kwa urahisi. Anayefukiza udi au ubani naye ajihadhari: mashine hizi hufyonza vilivyolowa na vikavu, lakini majivu ya chetezo yenye moto ndani yanaweza kuiunguza na kuwasha moto.

Kwenye tangi weka maji ya vuguvugu na sabuni iliyoelekezwa na mtengenezaji. Sabuni ya unga ya kufulia inatoa povu, povu hufyonzwa na linaweza kufika kwenye mota. Dawa ya klorini inakula mipira ya ndani, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya sumu. Siki na limau pia viweke mbali na sakafu ya jiwe la marumaru halisi, maana asidi hulichubua.

Baada ya kudeki ndipo wengi wanapokosea. Maji machafu yakilala ndani hadi kesho, mashine itanuka na utaisambaza harufu hiyo nyumba nzima. Mwaga tangi, suuza, toa rola ianikwe wima. Ziko zinazojisafisha na kukausha rola kwa hewa ya moto; kama unarudi kazini usiku umechoka, huduma hiyo inastahili kuongezewa fedha.

Ukitaka kumpelekea mama nyumbani, soma lebo kwanza. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Tanzania na Kenya ni 230 hadi 240. Mashine ya waya ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja Dar es Salaam itaungua. Ya betri inafaa ikiwa chaja imeandikwa 100–240V. Kwenye ndege, betri hupimwa kwa wati-saa, yaani nishati inayobeba. Zidisha volti (V) zake kwa ampea-saa (Ah) zilizoandikwa kwenye lebo: 21.6 mara 4 ni wati-saa 86.4. Betri hadi wati-saa 100 kwa kawaida inaruhusiwa. Kati ya 100 na 160 omba kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 haipandi na abiria. Betri uliyoichomoa ibebe mkononi, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa kwa utepe.