Kutafuta kikundi cha kuacha pombe hapa Dodoma

Anzia Mirembe. Najua wengi wanaliogopa jina hilo, lakini hospitali hii ya afya ya akili inatibu uraibu, na wahudumu wake ndio wa kuwauliza vikundi vinakutana wapi. Kama mikono inakutetemeka asubuhi kabla hujanywa, usiache ghafla. Mwone daktari kwanza, maana degedege la kuacha pombe linaweza kuua.

Ukielekezwa mkutano wa AA (Alcoholics Anonymous), ule umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe ulioanzia Marekani mwaka 1935, uliza kama ni wa wazi. Wa wazi unaweza kwenda hata na dada yako. Hakuna kiingilio, na jina la kwanza linatosha. Kaa karibu na mlango, usikilize tu. Mimi nilianza hivyo. Ukiweza, chagua siku ambayo ungekuwa kilabuni ukinywa wanzuki.