Zipi zitakufa, zipi zitabaki: kutafuta udhaifu wa seli za saratani ya mapafu

Vijana wakija maabarani na jina la jeni, swali lao huwa moja: "Dada, nikiizima hii, seli zitakufa?" Hilo halitoshi. Zipo jeni ambazo kila seli ya mwili inazihitaji, na dawa ya kuzizima ingemmaliza mgonjwa pamoja na uvimbe wake. Uliza zipi zitakufa, na zipi zitabaki.

Kwa hiyo anza na seli za aina mbili. Mimi huchukua A549, zilizotolewa mwaka 1972 kwenye uvimbe wa mapafu wa mwanamume wa miaka 58, na HCC827, nazo pia za saratani ya mapafu. A549 zimepoteza SMARCA4, jeni inayosaidia kufungua DNA ili isomwe, na kazi hiyo sasa imemwelemea pacha wake, SMARCA2. HCC827 zina pacha wote wawili, ila uhai wao umeshikwa na EGFR iliyoharibika, jeni inayoziamuru seli kukua. Zitazame kwanza kwenye DepMap, hifadhi ya wazi ya data za seli za saratani, ya taasisi ya utafiti ya Broad Institute: alama ya sifuri maana yake seli haikujali kupoteza jeni; hasi moja, imeumia kama iliyonyang'anywa jeni ya lazima.

Kisha pima utambulisho wa DNA ya seli zako. Tafadhali usiruke hapa. Niliwahi kuhangaika wiki sita na chupa iliyoandikwa A549 kwa wino mweusi, kumbe ndani mna seli nyingine kabisa. Niliamini lebo, nikalia. Siku hizi napima siku ileile ninayozipokea, na maikoplasma pia, bakteria wadogo wanaochafua seli.

Sasa kata jeni kwa CRISPR, mkasi wa DNA. Kila jeni ipe RNA elekezi tatu, zinazouonyesha mkasi pa kukata, maana moja inaweza kukata pasipotakiwa. Za kulinganishia ziwe mbili: inayokata AAVS1, mahali ambapo seli haidhuriki, na inayokata POLR2A, ambayo hakuna seli inayoishi bila hiyo. Hakikisha kwa Western blot, kipimo cha protini, kwamba protini imetoweka kweli, halafu hesabu seli kwa wiki mbili au zaidi. Pengo la SMARCA2 haliui haraka. Utaona kwenye chupa zenyewe: ya AAVS1 maji yake ya kulishia seli yanageuka manjano kwa wingi wa seli, ya SMARCA2 yanabaki na rangi ya waridi. Aliyehesabu siku ya tatu ataandika "hakuna kitu".

HCC827 zina mtego wake. EGFR imejirudia mara nyingi kwenye jenomu yao, na kila nakala ikikatwa ni jeraha. Zinaweza kufa kwa majeraha tu. Thibitisha kwa dawa ya gefitinib au osimertinib, zinazozuia protini ya EGFR bila kugusa DNA.

Kwa A549, rudisha SMARCA2 iliyoandikwa upya ili CRISPR isiitambue. Zikipona, nitakuamini kwamba ni pengo la SMARCA2 lililokuwa likiziua. Chupa nyingine irudishie SMARCA4: zikiacha kumtegemea pacha, umeshajua uvimbe wa mgonjwa yupi wa kuupimia SMARCA4 kabla ya kufikiria dawa ya kuzuia SMARCA2.