Bendi ya wanafunzi kwenye sekondari ya Kikatoliki: anza na kidato cha kwanza, vyombo baadaye

Wengi wakitaka kuanzisha bendi shuleni swali la kwanza ni vyombo, gitaa bei gani, kinanda kipi kizuri, dramu zinapatikana wapi. Viache kwanza vyombo. Bendi nyingi za shule haziuawi na ukosefu wa vyombo, zinakufa pale kidato cha nne wanapomaliza mtihani wanafunga mabegi wanaondoka na mpiga kinanda, mpiga besi na yule mwenye sauti nzuri kuliko wote kwa mpigo mmoja, Januari shule inafunguliwa magitaa yapo stoo na hakuna wa kuyashika. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabla ya yote: kila chombo kiwe na watu wawili, mkubwa mmoja na mdogo mmoja wa kidato cha kwanza au cha pili, na yule mdogo asiwe mbeba waya tu, kila mazoezi apewe walau wimbo mmoja apige yeye mkubwa akae pembeni amsikilize.

Sasa ruhusa. Kwa mkuu wa shule, awe Sista au Padri, usiende mikono mitupu na maneno ya juujuu. Nenda na mlezi wa TYCS, kile chama cha wanafunzi Wakatoliki, au mwalimu wa kwaya, salimia Tumsifu Yesu Kristo, kaa, halafu toa karatasi moja tu iliyoandikwa siku za mazoezi, saa ya kuanza na kumaliza, mwalimu atakayekuwepo, vyombo vitalala wapi na ufunguo atakaa nao nani. Wakuu wa shule hawaogopi muziki jamani, wanaogopa prepo, yaani muda wa kujisomea, kuharibika na watoto kuzurura usiku kwa kisingizio cha mazoezi. Ukiandika pale juu kabisa kwamba prepo haitaguswa hata siku moja umeshamaliza nusu ya mazungumzo. Muda mzuri ni Jumamosi baada ya usafi na Jumapili mchana baada ya chakula. Na kama mnaleta mwalimu wa gitaa kutoka nje, hasa shule ya bweni ya wasichana, hapa sibembelezi: mazoezi yawe chumba cha wazi, mlango wazi, na matroni au mwalimu wa shule awepo mwanzo hadi mwisho, hamna cha kumfundisha mtoto mmoja peke yake chumbani.

Watu utawapata kwenye kwaya. Shule zetu zina hazina moja kubwa ambayo watu hawaioni, watoto wengi wamekulia kwenye kwaya za parokia na vigango na wanasoma solfa, do re mi zao zipo kichwani tayari. Mwalimu anayeanza kuwafundisha nota za mistari mitano siku ya kwanza anawapotezea hamu bure, zile zitakuja baadaye kwa anayetaka. Tumia solfa waliyonayo, kazi yako ni kumwonyesha kila mmoja do yake iko wapi kwenye chombo chake.

Na hapa ndipo bendi changa nyingi zinapokwama kwa hiyo nieleze taratibu. Tuseme wimbo uko kii ya F, yaani do ya wimbo ni sauti ya F. Mpiga kinanda do yake ni F, haina shida. Lakini tarumbeta nyingi zimetengenezwa kwa B flati, akipiga ile anayoiita C inayosikika ni B flati ya kinanda, kwa hiyo yeye do yake kwenye wimbo huo ni G. Alto saksafoni ni ya E flati, do yake itakuwa D. Usipowaambia hivi wote watapiga F kila mtu kwenye chombo chake na mtasikia kitu cha ajabu mpaka mtalaumu vyombo vibovu kumbe vyombo vizima kabisa. Mwandikie kila mpigaji kwenye daftari lake juu ya kila wimbo do yake ni ipi, basi, mengine solfa inamaliza. Mtoto wa gitaa naye kodi ya F (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inamtesa kwa sababu kidole kimoja kinatakiwa kubana nyuzi zote na vidole vyake bado vidogo, mfungie kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni mwa gitaa, freti ya tatu apige shepu (mikao ya vidole) za D, G na A, zinazotoka ni F, B flati na C zilezile za kinanda na mtoto anatabasamu siku ileile. Kapo ni kitu kidogo na cha bei ndogo, nunueni mapema.

Tukija kwenye vyombo sasa, kinanda mara nyingi kipo kanisani tayari, omba kwa adabu kutumia kilekile nje ya muda wa kwaya. Kinachofuata ni gitaa la kawaida lisilohitaji umeme, maana umeme ukikatika mazoezi yanaendelea, kisha gitaa la besi. Dramu ziwe za mwisho kabisa, najua vijana ndizo wanazozitaka kwanza, ila kikanisa kidogo chenye kuta tupu dramu zinameza waimbaji wote na hapo ndipo malalamiko yanaanzia. Kwa kuanzia ngoma na kayamba zinatosha, na mpiga dramu wako wa baadaye mkatie kipande cha mpira wa tairi ugundishe kwenye ubao, apewe fimbo zake, ajifunze mkono wa kulia na kushoto kwenda sawa pole pole, huo ubao hausumbui hata bweni la jirani. Besi msiichomeke kwenye zile spika ndogo za kanisani zilizofungwa kwa ajili ya mahubiri, zitaungua. Na spika zikae mbele ya maiki zikiwatazama wasikilizaji, zikikaa nyuma ya waimbaji maiki zitapiga yowe muda wote.

Upande wa Misa kuna utaratibu na bendi inayoujua inaheshimika haraka. Utakutana na mzee atakayesema vyombo hivi ni vya baa, msibishane naye kwa jazba. Ana asili ya hoja yake, mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza kweli ngoma na bendi ndani ya kanisa. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya Liturujia namba 120, uliipa ogani nafasi ya heshima halafu ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa la mahali husika, mradi vinafaa kwa ibada. Kwa hiyo mwulizeni paroko au padri mlezi jimbo lenu linaelekeza nini, na fuateni hilo. Kwaresima vyombo ni vya kusindikiza uimbaji tu, hakuna kupiga vyombo vitupu wakati wa matoleo wala baada ya komunyo, isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresima, sherehe na sikukuu. Kuanzia baada ya wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka ni vilevile. Vijana wakishaelewa kwa nini wananyamaza, ule Utukufu wa Mkesha wanaupiga kwa moyo wote, ni raha kuwasikia.

Nyimbo za nje ya Misa, za mahafali na siku ya wazazi, muwe na orodha yake kabisa msichanganye na ya kanisani. Waacheni wanafunzi wachague wenyewe, mwalimu asome maneno mara moja, yakiwa safi twende. Wakitaka sebene wapige sebene, wazazi watacheza tu.

Kuna tarehe moja nawasihi muiweke kwenye kalenda mapema, 22 Novemba, Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa hawawezi kushika chombo, kwa hiyo Misa ya msimamizi wenu huyo itapigwa na wadogo tu. Wapeni nyimbo nne wanazoziweza tangu Agosti, tena rahisi, na mkubwa yeyote asikae nyuma yao kuwaelekeza. Mkiona chombo fulani hakina mtu siku hiyo basi mmeshajua nani wa kumtafuta Januari wakija kidato cha kwanza wapya.

Kabla ya likizo ya Juni na Desemba toeni betri kwenye vyombo vyote, vile vipande vya kuwekea mdomo kwenye tarumbeta vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vali zitiwe oili, magitaa yafutwe jasho yarudi kwenye mifuko yake mbali na bati na jua. Andikeni kila kitu kwenye daftari hadi waya, mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja wasaini, ufunguo ubaki ofisini.