Namna ya Kusoma Kasoro za Mapafu kwenye Picha ya Eksirei ya Kifua

Mwongozo huu unawalenga matabibu wa vituo vya afya vyenye mashine ya eksirei ambako bingwa wa radiolojia yuko mbali.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, hakiki picha yenyewe: jina, tarehe na alama ya upande. Mgonjwa amevuta pumzi ya kutosha iwapo takriban mbavu sita za mbele zinahesabika juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), na amesimama sawa iwapo ncha za ndani za mitulinga ziko umbali ulio sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo. Pumzi ikiwa fupi, sehemu za chini za mapafu hujikunja na kuwa nyeupe, na weupe huo huandikwa nimonia isiyokuwepo. Aidha, picha iliyopigwa mgonjwa akiwa kitandani hukuza moyo, kwa hiyo upana wake kuzidi nusu ya kifua hautoshi kuthibitisha kwamba umetanuka.

Hewa huonekana nyeusi, ilhali maji na nyama huonekana nyeupe. Ukikuta upande mzima ni mweupe, usikimbilie kuchoma sindano ya kutoa maji. Tazama kwanza bomba kuu la hewa na moyo vimeelekea wapi. Vikiwa vimesukumwa upande wa pili, yaelekea ni maji mengi. Vikiwa vimevutwa kuelekea kwenye weupe, pafu limesinyaa, mara nyingi kwa sababu njia ya hewa imezibwa na uvimbe, kohozi zito au, kwa mtoto, punje ya karanga, na hapo sindano inaweza kumdhuru mgonjwa. Visiposogea kabisa, fikiria nimonia nzito, au uvimbe uliosinyaza pafu huku maji nayo yakijaa. Maji machache hujulikana kwa kufutika kwa pembe kali iliyo kati ya mbavu na kiwambo, jambo ambalo kwa aliyesimama huhitaji takriban mililita 200.

Nimonia huonyesha weupe uliopitiwa na vijinjia vyeusi vya hewa. Ukingo uliofutika hukuambia mahali pake: ukingo wa kulia wa moyo ukipotea, tatizo liko katika ndewe (sehemu kuu ya pafu) ya kati ya pafu la kulia, ukingo wa kiwambo ukipotea, liko katika ndewe ya chini.

Kifua kikuu cha mtu mzima hupenda sehemu za juu na huweza kuacha tundu, ingawa jipu la pafu na saratani pia hutoboa. Kikisambaa kwa njia ya damu, mapafu yote hujaa vidoa vidogo kama punje za ulezi. Kwa mwenye VVU ambaye CD4 (chembe za kinga katika damu) zimeshuka chini ya 200, matundu huwa nadra, vivuli huweza kukaa chini, tezi za katikati ya kifua huvimba, na wakati mwingine picha haina kasoro yoyote. Basi picha safi isikuzuie kupeleka makohozi kwenye GeneXpert, mashine ya kupima vimelea vya kifua kikuu. Vidoa vya sehemu za juu kwa mchimbaji wa madini, kama wale wa machimbo ya tanzanite ya Mererani, Tanzania, vinaweza kuwa vumbi la silika, ambalo lenyewe huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Makovu ya zamani yalinganishwe na picha ya awali, kwa kuwa picha moja pekee haiwezi kuthibitisha kwamba ugonjwa umetulia.

Weusi uliozidi upande mmoja, wenye mstari mwembamba mweupe ambao nje yake hakuna mishipa ya damu, ni hewa iliyovuja nje ya pafu. Hakikisha tu kwamba mstari huo si mkunjo wa ngozi wala ukingo wa kombe la bega. Mgonjwa anayehema kwa shida huku shinikizo la damu likishuka atolewe hewa hiyo mara moja bila kusubiri picha.

Kabla ya kuandika majibu, rudia kutazama nyuma ya moyo, nyuma ya mitulinga na chini ya ukingo wa kiwambo, kwani uvimbe mdogo hujificha huko.