Jinsi ya Kutengeneza Programu ya Kuonyesha Data za Hali ya Hewa na Tabianchi katika Nyanda za Juu Kusini

Ramani yangu ya kwanza ya mvua ilipendeza kuitazama. Niliichora kutokana na modeli ya tabianchi ya dunia nzima ambayo huigawa ardhi katika visanduku, kila kimoja kikiwa na upana wa kilomita zipatazo 100, kisha nikairuhusu kompyuta ilainishe mipaka ya rangi mpaka visanduku vyenyewe visionekane. Nilipomwonyesha ofisa ugani mmoja anayefanya kazi Rungwe, aliitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole kama siku hizi Kyela imehamia mlimani. Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500, Kyela iko chini karibu na Ziwa Nyasa kwenye mita takribani 500, na kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa mstari mnyoofu hazifiki kilomita 50. Hata hivyo, ramani yangu ilikuwa imeipaka migomba ya juu na mpunga wa chini rangi ileile.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeijua kiasi lugha ya Python na anayetaka kuandika programu yake mwenyewe ya kuonyesha matokeo ya modeli za hali ya hewa kwa ajili ya Mbeya, Iringa na mikoa jirani. Zipo programu zilizokwisha tengenezwa, kama Panoply ya NASA, na ni vyema kuanza nazo ili kuyazoea mafaili. Lakini programu ya jumla haijui kwamba msimu wetu huanza mwaka mmoja na kuisha mwaka unaofuata, wala haijui kwamba katika milima hii kisanduku kimoja kinaweza kuficha mazingira mawili tofauti.

Anza na data za ERA5, zinazotolewa bure na kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF. Hizi ni matokeo ya modeli iliyorudishwa nyuma hadi mwaka 1940 na kuunganishwa na vipimo halisi vya wakati ule. Zina thamani ya kila saa, na gridi yake, yaani mpangilio wa visanduku, ni ya nyuzi 0.25 za latitudo na longitudo, yaani kilomita zipatazo 28. Usipakue dunia nzima. Gridi ya dunia ina nukta 721 kwa 1,440, na kipengele kimoja, kama joto au mvua, kwa mwaka mmoja kikihifadhiwa kwa baiti nne kwa kila thamani hufikia takribani gigabaiti 36. Ukiomba eneo la latitudo 7 hadi 11 kusini na longitudo 32 hadi 37 mashariki pekee, unapata nukta 17 kwa 21, ambazo kwa mwaka ni kama megabaiti 12 na nusu. Miaka 30 ya kipindi cha 1991 hadi 2020, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukitumia kama kigezo cha wastani wa tabianchi, haitafika megabaiti 400, na mzigo huo kompyuta ya kawaida ya mkononi inaumudu.

Faili utakalopokea litakuwa la aina ya NetCDF au GRIB, ambazo ni miundo ya kuhifadhia data za gridi, na maktaba ya Python iitwayo xarray hulifungua bila kulipakia lote kwenye kumbukumbu. Kabla ya kuchora chochote, ifanye programu ichapishe ukubwa wa gridi, majina ya vipengele na uelekeo wa latitudo. Nasisitiza uelekeo kwa sababu ulinipotezea siku nzima: katika ERA5 latitudo hushuka kutoka kaskazini kwenda kusini, hivyo ukikata kipande kuanzia -11 kwenda -7, xarray hukurudishia kipande kitupu bila kulalamika hata kidogo. Mimi nilikuwa nikiulaumu mtandao na kupakua upya faili lilelile, kumbe lilikuwa zima, na kilichotakiwa ni kuanza na -7 na kuishia na -11. Weka sharti kwamba kipande kikiwa hakina nukta, programu isimame na iseme sababu. Joto liko katika Kelvini, basi toa 273.15, mvua iko katika mita, basi zidisha kwa 1,000 upate milimita. Na mvua hujumlishwa, haitafutiwi wastani wa saa.

Suala la wakati linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa data zimeandikwa kwa saa za kimataifa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Mvua iliyoandikwa kwenye saa fulani ni ile iliyonyesha katika saa moja iliyoishia hapo. Kipimo cha mvua kituoni husomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni 06 ya UTC, kwa hiyo ukitaka kulinganisha modeli na daftari la kituo, jumlisha thamani 24 kuanzia ile ya 07 hadi ile ya 06 ya siku inayofuata. Ukijumlisha kuanzia usiku wa manane wa UTC, siku zako hazitalingana na siku za daftari, na utaisingizia modeli kosa ambalo ni lako. Halafu kuna mwaka wenyewe. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na jumla ya Januari hadi Desemba huukata msimu huo vipande viwili na kushona kipande cha msimu mmoja na kipande cha mwingine. Jumlisha kuanzia Julai hadi Juni, na kwenye kichwa cha ramani andika miaka yote miwili.

Sasa tuje kwenye mwinuko, ambao ndio moyo wa kazi hii. Modeli haiuoni Mlima Rungwe wenye mita zipatazo 2,960. Inaona wastani wa ardhi ndani ya kisanduku. Pakua pia kipengele cha jiopotenshali ya usawa wa ardhi (mwinuko uliozidishwa kwa nguvu ya mvutano wa dunia), kigawe kwa 9.80665, na utapata mwinuko ambao modeli inaamini upo. Uonyeshe mwinuko huo kwa mtumiaji kila anapobonyeza mahali, sambamba na mwinuko wa kweli. Tuseme mtumiaji amechagua shamba la viazi lililo kwenye mita 2,600 katika uwanda wa Kitulo, huku kisanduku kikisema mita 2,000. Kwa kuwa joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita moja ya kupanda, tofauti ya mita 600 ni karibu nyuzi 4 za sentigredi, na nyuzi 4 ndizo zinazotenganisha usiku wa baridi na usiku wa jalidi iliyounguza majani. Programu inaweza kufanya sahihisho hilo, ila iandike wazi kwamba imelifanya, na itoe tahadhari kwa usiku mtulivu usio na mawingu, kwani hewa baridi hutiririka na kutuama mabondeni, na kanuni ya 6.5 hugeuka kichwa chini.

Kwa kuchora, tumia maktaba ya michoro ya Matplotlib pamoja na ile ya ramani, Cartopy, na uchague amri ya pcolormesh inayoonyesha visanduku kama vilivyo. Wengi huviona visanduku kuwa vibaya na kukimbilia mistari iliyolainishwa. Mimi naona ubaya huo una faida, maana anayeviona hatadhani kwamba umepima kila kijiji. Achana na rangi za upinde wa mvua: mkanda wake wa njano hung'aa na kuonekana kama mpaka mahali ambapo data hazina mpaka wowote. Viridis, iliyofanywa rangi ya kawaida ya Matplotlib mwaka 2017, huenda kutoka giza hadi mwanga kwa hatua sawa. Kwa mvua, rangi hafifu hadi buluu nzito inaeleweka upesi zaidi. Tofauti kati ya thamani na wastani wake ichorwe kwa rangi mbili zinazokutana kwenye sifuri. Ukitengeneza picha zinazotembea, funga kiwango cha chini na cha juu cha rangi kwa picha zote, la sivyo milimita 5 za Oktoba zitapakwa rangi ileile ya milimita 200 za Januari.

Mipaka ya mikoa nayo ina mtego. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Faili la zamani la mipaka litakupa wastani wa mvua wa Iringa uliochanganywa na mvua ya milima ya Makete. Kagua hilo kabla ya kukata data kwa mkoa. Pia, Cartopy hupakua ramani za msingi mara ya kwanza inapozihitaji, kwa hiyo zihifadhi ndani ya programu mapema ikiwa utaionyesha mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Utabiri wa msimu huhitaji mchoro wa namna nyingine. Mfumo wa SEAS5 wa ECMWF hutoa matokeo 51 ya msimu uleule yanayoanza kwa tofauti ndogondogo, na kuchora wastani wake peke yake ni kuuficha utabiri wenyewe. Onyesha katika kila kisanduku ni mangapi kati ya hayo 51 yamezidi mvua ya kawaida.

Kabla ya kumpa mtu mwingine programu, chagua kisanduku kimoja na siku moja ya mvua, chapisha thamani zake 24, uzijumlishe kwa kikokotoo, kisha ubonyeze kisanduku hichohicho kwenye ramani. Namba mbili zikitofautiana, rudi kwanza kwenye saa, kisha kwenye ubadilishaji wa mita kuwa milimita.