Kumpeleka mtoto sekondari ya Kikatoliki: ya kukagua kabla ya kulipa ada

Jina la mtakatifu kwenye geti halifanyi shule kuwa ya Kikatoliki. Kanuni ya 803 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inakataza shule kujiita ya Kikatoliki bila ridhaa ya mamlaka ya Kanisa. Basi swali la kwanza kwa mkuu wa shule ni hili: mmiliki ni nani? Jibu linalotarajiwa ni jimbo la Kanisa, parokia au shirika la watawa. Ukitajiwa kampuni au mtu binafsi, uliza jimboni kabla ya kununua fomu. Kuna upande wa pili pia: shule nyingi kongwe za wamisionari, Pugu ikiwa mojawapo, zilitaifishwa baada ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1969, na Pugu hadi leo ni ya serikali.

Seminari ndogo ni habari nyingine. Ipo kwa ajili ya wavulana wanaotafakari wito wa upadre, na mkuu wake ni padre anayeitwa gombera. Mwombaji hupitia kwa paroko wake, akiwa na cheti cha ubatizo na barua ya paroko inayothibitisha kwamba familia inashiriki jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja. Barua hiyo haipatikani kwa wiki moja ikiwa hamjulikani jumuiyani, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tunasihi pia mtoto asipelekwe seminari kwa sababu ya ufaulu tu. Ratiba ya sala, ukimya na kazi za mikono humlemea asiye na nia, na walezi wa seminari huligundua hilo mapema.

Kwa shule za kawaida, anza kuulizia fomu mtoto akiwa katikati ya darasa la saba. Shule nyingi hufanya usaili karibu na mtihani wa taifa wa Septemba, bila kusubiri matokeo yake. Hisabati na Kiingereza ndizo huangusha wengi, hasa waliosoma kwa Kiswahili. Ada ilipwe kwenye akaunti ya benki iliyoandikwa katika maelekezo ya kujiunga. Namba ya simu ya mtu anayeahidi kukushikia nafasi iachwe.

Halafu kagua matokeo kwa utulivu. Tovuti ya Baraza la Mitihani huonyesha kila shule. Usiishie kwenye idadi ya daraja la kwanza: linganisha waliofanya mtihani wa kidato cha pili na waliofanya wa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Wakiwa walikuwa 120 na wamebaki 80, uliza wale 40 wameenda wapi. Mara nyingi jibu ni wastani wa alama ambao shule inautaka ili mwanafunzi apande darasa. Uliza wastani huo ni ngapi, na kama asiyeufikisha hukariri darasa au huhamishwa. Pata jibu kwa maandishi, maana mzazi anayelijua hilo Desemba ya kidato cha tatu hana tena pa kukimbilia.

Wasio Wakatoliki hupokelewa kwa wingi, lakini kila shule ina utaratibu wake. Wazazi Waislamu na Walutheri waulize mambo manne waziwazi: je, Misa ni lazima kuhudhuria? Kuna ruhusa ya sala ya Ijumaa? Daku na futari hupangwaje Ramadhani? Hijabu inaruhusiwa? Kukaa kimya kwa matumaini kwamba mambo yatajipanga humwachia mtoto mgogoro asioweza kuumaliza peke yake. Kwenye Misa, asiye Mkatoliki husimama na kuketi pamoja na wenzake, ila hapokei Komunyo. Wakati huo hubaki kwenye benchi. Mwandae pia kwa Kwaresima: Ijumaa hakuna nyama, na kwa kawaida kuna ibada ya Njia ya Msalaba.

Kwa mtoto Mkatoliki, jambo linalosahaulika kuliko yote ni kumbukumbu za sakramenti. Akipewa Kipaimara shuleni, kanuni ya 895 inataka paroko wa mahali alipobatizwa ajulishwe ili aandike kwenye daftari la ubatizo. Taarifa hiyo hupotea kirahisi pale shule inapokuwa jimbo jingine. Tatizo hujitokeza miaka mingi baadaye, kijana anapotaka kufunga ndoa na cheti kipya cha ubatizo hakionyeshi Kipaimara. Kwa hiyo mtoto aende shuleni na nakala ya cheti yenye namba ya ubatizo na jina la parokia. Baada ya Kipaimara, omba uthibitisho wenye tarehe, jina la aliyetoa sakramenti na la msimamizi, kisha upeleke mwenyewe ofisi ya parokia alikobatizwa, na usiondoke kabla katibu hajakuonyesha mstari ulioandikwa.