SOMO: Kupima kiasi cha paracetamol kwenye kidonge kwa infraredi

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Naliweka lote hapa.

1. Pima vidonge 20, pata wastani wa uzito wa kimoja.

2. Visage kwenye kinu hadi unga uwe laini kabisa.

3. Kausha potasiamu bromaidi kwenye oveni, nyuzi 110.

4. Changanya mg 200 za chumvi hii (bromaidi) na mg 2 za unga, kandamiza upate kisahani. Hapa tulia. Nikiwa chuo, katikati ya masika, niliitoa chumvi kwenye oveni nikaiacha mezani, nikaenda kunywa chai. Kisahani kikatoka na ukungu kama kioo cha daladala siku ya mvua. Nikakipima hivyo hivyo, vidonge vikasoma asilimia 118. Chumvi hii hunywa unyevu wa hewani, na kilele cha maji (pale maji yanapofyonza infraredi zaidi) kiko karibu na 1640 cm⁻¹. Mimi nilikuwa natumia kilele cha paracetamol cha 1654. Nilipima maji ya hewa ya Dar nikayahesabu kuwa dawa! Kwa hiyo chumvi ipoe ndani ya chombo chenye silika jeli, AC iwake, saga na kukandamiza bila kusimama. Ukiona kilele kipana karibu na 3400, tupa, anza upya. Kwa hesabu tumia kilele cha 1506.

5. Soma absobansi (kipimo cha mwanga uliofyonzwa). Tengeneza viwango vitano vya paracetamol safi, chora mstari, usome kidonge chako kinaangukia wapi.

MASWALI

– Mkuu, oveni nyuzi ngapi?

Hatua ya 3. Soma kwanza.

– Nimetumia transimitansi (mwanga unaopita), mstari umepinda.

Nimeandika absobansi. Ndiyo inayopanda sambamba na kiasi cha dawa.

– Kaka, mizani yetu inaishia 0.1 mg. Kupima miligramu 2 za unga si kosa kubwa?

Umeona mbali, mdogo wangu. Hilo ni kosa la asilimia 5, na BP (British Pharmacopoeia, kitabu cha viwango vya dawa cha Uingereza) inaruhusu asilimia 95 hadi 105 tu. Punguza kwa awamu: unga mg 50 na bromaidi mg 950, saga vizuri. Chota mg 40 za mchanganyiko huo, ongeza bromaidi mg 160. Una mg 2 za unga ndani ya 200, na hukupima chochote chini ya mg 40.

– Na wanga wa kwenye kidonge?

Unasumbua zaidi kati ya 1000 na 1150, lakini nao hubeba maji. Sababu nyingine ya kuikwepa 1654.

– Silika jeli yangu ya bluu imegeuka ya waridi, ninunue nyingine?

Usinunue. Irudishe kwenye oveni hadi iwe bluu tena.